Yule Aliyetuvusha Mpaka

Leo tunazungumza kutoka Kyebando, hapa Kampala, karibu na barabara ya Northern Bypass. Mkimbizi wa huku hupanga chumba, kodi hailali, na mgao wa chakula wa kambini haumfuati mjini.

Tuseme ukweli. Aliyevuka mpaka usiku hakuvuka kwa upole. Alidanganya kwenye vizuizi vya barabarani, alificha unga, alimshuku kila mtu. Usimwonee haya mtu huyo aliye ndani yako. Ndiye aliyekufikisha hai.

Ila huku mjini mpe kazi nyingine. Shaka yake ni mali: akija mtu anayeuza nafasi ya kuhamishiwa Kanada, mshuku. Huduma za UNHCR hazilipiwi hata shilingi moja. Piga 0800 323 232 bila malipo, umripoti. Na ukali wake usiuzime. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi. Ukinyimwa ujira wako, dai, nenda mpaka kwa mwenyekiti wa LC.

Uongo ndio mgumu kuuacha. Kwenye kizuizi ulikuokoa. Kwenye mahojiano ya ofisini unaweza kukufungia mlango, kwa sababu maneno ya leo hulinganishwa na uliyosema zamani.

Na kuchomoa sabuni dukani kwa jirani, jamani! Wiki ijayo, watoto wakiwa na njaa, utakopa unga kwa nani kama si kwake?