Amri za Rais, Mikono ya Askari

Mapema Februari 1971, siku chache baada ya kuipindua serikali ya Dakta Milton Obote, Jenerali Idi Amin wa Uganda alijitwalia mamlaka ya kutunga sheria kwa amri yake mwenyewe. Mwaka huohuo amri moja iliwapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia bila hati ya mahakama. Nyingine, ya mwaka 1972, iliikinga serikali na watumishi wake wasishitakiwe.

Amri hizo ziliandikwa. Kilichofichwa ni maagizo: nani akamatwe, na apelekwe wapi. Hayo yalipita midomoni mwa makachero waliovaa kiraia, wa idara iliyoitwa, kwa kejeli ya pekee, ya “utafiti”. Tarehe 21 Septemba 1972 wenye silaha walimtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya Mahakama Kuu mjini Kampala. Hakuonekana tena.

Wala sare haikuwa kinga. Tangu 1971 wanajeshi Waacholi na Walango walikuwa wakiuawa na wenzao makambini, ikiwamo Mbarara na Jinja.

Mwaka 1974 Amin mwenyewe, akibanwa na lawama za dunia, aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume ilithibitisha kupotea kwa watu 308, wengi wao mikononi mwa idara hiyo na kikosi maalumu cha polisi. Taarifa ilikabidhiwa kwa Rais, mtoaji wa amri. Naye hakuichapisha.