Nundu ya Tyubu, Kona ya Mto



Jumamosi nilikaa kwenye benchi la fundi baiskeli, jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa Morogoro mjini. Alikuwa ameijaza tyubu upepo, anaizungusha polepole ndani ya karai la maji. Mahali pamoja mpira ulitoa nundu. Mteja akasema ni kanundu kadogo tu, atafika nako Bigwa. Fundi akaigeuza, akamwonyesha kwa kidole gumba: juu ya nundu palikuwa na kipele kingine, mpira umekonda mpaka unang'aa. "Hapa ndipo patakapoachia," akasema.

Neno hilo lilinirudisha kwa mama mmoja, jirani yetu. Alikuwa barazani anachambua mchicha, ghafla akashika kisogo akauliza nani kampiga. Tukadhani malaria. Tukampa dawa ya maumivu, tukamlaza. Kesho yake picha ya kichwa ilionyesha damu imetapakaa juu ya ubongo: mshipa ulikuwa umetoa kifuko, na kifuko kimepasuka. Siku ya tatu tulimzika.

Madaktari wanakiita kifuko hicho aneurisimu. Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 hivi kati ya 100 wanacho, na wengi wao watazeeka nacho bila kujua. Kwa nini basi cha huyu kitulie, cha yule kipasuke?

Twendeni mtoni. Mto Morogoro unaposhuka kutoka Uluguru wakati wa masika, hauli kingo zake sawasawa. Unamega pale maji yanapokata kona, au yanapogawanyika kwenye jabali. Ubongo nao una mito yake. Chini yake ateri hukutana zikafanya duara, na penye panda damu hugonga ukuta uso kwa uso, kila pigo la moyo, usiku na mchana, miaka arobaini, hamsini. Ukuta wenyewe ni mwembamba, na kwa nje hauna nyama ya kuuegemeza. Umezungukwa na majimaji tu. Ukichoka, unatoa tumbo.

Tumbo likishatoka, sura yake huamua damu itatembeaje humo ndani. Kifuko chenye mdomo mpana na kina kifupi, damu huingia ikatoka. Kirefu chenye shingo nyembamba ni habari nyingine: damu huweza kuingia kama mchirizi wa bomba, ikapiga doa moja, huku nyingine ikidumaa pembeni kama maji yanayozunguka nyuma ya jiwe. Hiroshi Ujiie na wenzake wa Tokyo walipima uwiano wa kina na upana wa shingo, na mwaka 2001 wakaandika kwamba vilivyopasuka vingi vilikuwa na kina kinachozidi mara 1.6 ya upana huo.

Wataalamu walibishana sana: kinachoua ukuta ni damu ya kasi, au iliyodumaa? Mwaka 2014 Hui Meng wa Buffalo, Marekani, na wenzake walieleza kwamba zote mbili zinaua, kila moja kwa njia yake. Ya kasi huuchubua na kuukondesha. Iliyodumaa huleta uvimbe wa ndani unaouozesha taratibu. Mimi nawaelewa, kwa kuwa nimeona kona za mto.

Na kile kipele cha fundi? Watafiti wa Japani waliwafuatilia wagonjwa 5,720 wenye vifuko, wakatoa matokeo mwaka 2012. Vifuko vyenye kipele juu yake vilikuwa na hatari ya kupasuka mara 1.63 ya vingine. Kidole gumba cha fundi wetu kilikuwa mahali penyewe.

Asije mtu akasema huu ni ugonjwa wa ughaibuni. Mwaka 2009 Julius Ogeng'o na wenzake wa Nairobi walichapisha kumbukumbu za wagonjwa wa namna hii waliotibiwa nchini Kenya.

Kwa hiyo ukiambiwa kipimo kimeonyesha kifuko, usiridhike na milimita peke yake. Ukubwa una maana, lakini muulize daktari: shingo yake ina upana gani? Kina kipele? Kiko kwenye panda ipi? Presha nayo ishushwe, na sigara iachwe, maana hizo ndizo masika ya mshipa. Wapo madaktari wanaobana shingo ya kifuko kwa klipu, au wanaopitisha mrija kutoka kinenani hadi kichwani wakakijaza nyuzi za metali. Mkulima wa Mgeta anaijua kazi hiyo: anapoziba mfereji kwa bonge la udongo na majani, maji hupita kwingine.

Nanyi wa milimani, wa Mgeta, Kinole na Matombo, mliozoea kushusha mgonjwa kwa machela. Kichwa kikimpiga mtu ghafla, kwa dakika moja kikafika ukali ambao hajapata kuuona maishani, shingo ikakakamaa, akatapika, au kope ya jicho moja ikalegea, msimlaze kungoja kuche. Mshusheni usiku huohuo, hata mvua inanyesha. Na mkifika, mwambieni daktari saa na dakika kilipoanza.