Kutu Hutuacha Tulale

Tuko hapa Mweiga, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kutu, na za watu ambao kazi yao ya maisha ni kupambana nayo.

Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, huitaja kutu pamoja na nondo na wezi. Kwa mwizi twafuga mbwa na kununua kufuli. Kwa kutu hatufanyi lolote mpaka paa livuje.

Wako wahandisi wanaosomea jambo hili. Mmoja aweza kuanza kazi akiwa kijana na kustaafu ana mvi, wala asiwepo mtu wa kuonyesha daraja na kusema, "Hili ni lake." Daraja alilijenga mwingine, yeye alilizuia lisianguke. Hupima uzito wa vipande vya chuma, akavitundika nje, vingine karibu na bahari, vingine bara. Miaka ikipita huvisafisha na kuvipima tena, ajue chuma kimeliwa kiasi gani. Ni kazi ya subira. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula chuma upesi kuliko hewa yetu ya huku juu, lakini tusijidanganye: penye maji na hewa pamoja, kutu haikosi njia.

Huko Marekani, tarehe 15 Desemba 1967, daraja liitwalo Silver Bridge juu ya mto Ohio lilianguka jioni, magari yakiwa yamejaa juu yake. Watu 46 walikufa. Daraja hilo lilikuwa limetumika tangu 1928. Wachunguzi walikuta ufa katika kiungo kimoja cha chuma, kina chake kama milimita mbili na nusu tu. Ulikuwa umekuzwa na kutu pamoja na uzito wa daraja, mahali ambapo jicho lisingefika bila kukifungua kiungo chenyewe. Baada ya msiba huo ndipo sheria ya kukagua madaraja nchini kote ilipowekwa.

Sasa turudi nyumbani. Wengi hudhani bati ni chuma kisichoshika kutu. Sivyo. Bati la kawaida ni chuma kilichovikwa zinki, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel aliuandikisha mwaka 1837. Siku hizi mengine huvikwa zinki iliyochanganywa na alumini. Ajabu ya zinki ni hii: bati likikwaruzwa hata chuma kikaonekana, zinki iliyo kando hukubali kuliwa kwanza, chuma kikasalimika. Lakini ina kiasi chake. Ikiisha, imekwisha.

Akina mama wengi hununua mabati kidogo kidogo: matano viazi vikiuzwa, matano tena maziwa yakilipwa. Huyalaza chini nyuma ya nyumba, yamngoje fundi. Mvua hunyesha, maji yakaingia kati ya bati na bati, wala hayana pa kutokea. La juu lang'aa kama siku liliponunuliwa. Inua la pili: wakuta ungaunga mweupe. Ungaunga huo ndio zinki yenu, imeliwa kabla nyumba haijaezekwa. Jasho la miaka miwili, na hakuna mwizi aliyefika!

Dawa yake si ghali, mama. Yainue mabati juu ya mbao, upande mmoja uwe juu kidogo ili maji yatiririke, na hewa ipite. Ukiyafunika, usiyafunge kabisa kwa nailoni, maana hufungia unyevu ndani. Yaliyokwisha kulowa, yatenganishe uyakaushe leo.

Na ninyi mlio na paa tayari, pandeni mkatazame maungio, matundu ya misumari, na mifereji ambamo majani mabichi yamelala. Mvua ndefu huanza Machi. Kwaherini.