Rubani Anaposema "Leo Hapana"

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Magu)

Hapa Magu tumezoea kuona ndege ndogo zikipita kati ya Mwanza na Serengeti, na vijana wetu hutuuliza kazi ya marubani wale ikoje. Tuizungumzie, maana inatuhusu sisi tunaoagiza safari.

Ndege inayotumika sana ni Cessna Caravan, yenye injini moja na viti kama 12. Mara nyingi rubani mwenyewe huikagua, hupanga mizigo na kuhakikisha abiria wamefunga mikanda. Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Seronera zaidi ya mita 1,500. Huko hewa ni nyepesi, na jua likiwaka ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ndipo ipae. Ndiyo maana kila kilo huhesabiwa.

Ziwa nalo lina tabia yake. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, na mawingu ya radi huweza kudumu hadi asubuhi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, kubwa kuliko hizo, ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki, pamoja na marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliowahi kuokoa. Hatumlaumu mtu, tunakumbushana tu kwamba ziwa halitaniwi.

Nasi tunalo la kuungama. Mwaka mmoja tulikuwa na wageni wa kukagua mradi. Rubani, kijana mdogo, aliacha maboksi yetu mawili ya vitabu kwa sababu ya uzito, kisha akasubiri saa tatu mvua ipite. Tulinung'unika. Tulimpigia simu mara tano kumwambia kwamba watu wanangoja juani. Alijibu kwa upole, wala hakuruka.

Baadaye tulielewa. Wengi wao huanza na leseni ya saa 200 za kuruka, na huhitaji 1,500 ili wapate leseni ya rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria. Kijana wa namna hiyo, aliye mbali na kwao, hukuta ni vigumu kumkatalia mteja. Sisi tulikuwa tunamwongezea mzigo ambao hakuna mizani ya kuupima.

Watu wa ziwa hili tulizika ndugu zetu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Tunajua chombo kilichozidiwa hufanya nini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila ratiba iwe na siku moja ya akiba, na wafadhili wasiione gharama hiyo kuwa ubadhirifu. Tutaje uzito wa kweli wa mizigo. Na rubani akisema "leo hapana", mwenyekiti ajibu neno moja tu: "Asante."

Kawia ufike.