Mugithi wa Siku Hizi na Dansi ya Wazee Wetu

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi, kabla ya kura juu ya dansi ya mwisho wa mwaka)



Halmashauri imeleta shauri kwamba tumwite mpiga gitaa mmoja wa mugithi, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Sisi tutokao Embu na Meru tumeombwa kusema, kwani huko kwetu mugithi hupigwa kila mwisho wa juma. Asili yake ni kwa ndugu zetu Wakikuyu, na jina lenyewe maana yake ni gari la moshi. Wachezaji hushikana mabegani wakazunguka meza kama mabehewa. Reli haikufika kwetu kamwe. Steshini ya karibu na Embu ni Sagana, na ya karibu na Meru ni Nanyuki. Basi gari la moshi tulilopata nyumbani ni hili la kucheza tu!

Watu husema mugithi umerudisha zamani. Lakini zamani ipi? Miaka ya 1940 vijana wa upande wa Kikuyu walicheza mwomboko, kwa kodiani na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a: hatua mbili, kisha kuinama. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Aprili 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa Nairobi kwa maelfu, wakapelekwa kizuizini au wakarudishwa makwao. Wakati huo sahani za Fundi Konde zilikuwa zikichezwa mjini, lakini babu zetu walikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Mtu wa namna hiyo atacheza dansi saa ngapi? Kwa hiyo anayetuambia kwamba miaka ile yote ilikuwa ya raha, hakuwauliza wazee wa Embu.

Raha ilikuja baada ya Uhuru wa 1963. Joseph Kamaru na Daniel Kamau walitoa sahani kwa Kikuyu, nasi twaelewana nacho. Wimbo wa Kamaru wa mwaka 1969, Ndari ya Mwarimu, uliwakasirisha walimu. Wimbo ulikuwa na neno la kusema, tena upande mmoja wa sahani ulikuwa wa dakika chache tu.

Miaka ya 1990 wapigaji kama Mike Murimi na Mike Rua walizichukua nyimbo za namna hiyo wakaziunganisha. Hapa tuwape haki yao. Mpigaji wa mugithi hupiga saa nzima bila kukata, na akiona watu wamechoka hubadili mwendo. Akiwa Meru hutia maneno ya Kimeru. Vijana waliozaliwa baada ya sahani zile kwisha madukani wanaziimba kwa moyo. Sahani isingaliweza kazi hiyo.

Lakini tuhesabu vichwa, kama tunavyohesabu gengi asubuhi. Bendi ya zamani ilikuwa na mtu wa gitaa la kwanza, wa gitaa la pili, wa besi, wa ngoma, na waimbaji. Leo ni mtu mmoja na chombo cha umeme kinachopiga ngoma. Mugithi huu una dereva, hauna fayamani wala gadi. Sisi tulioona gengi zikipunguzwa na waliobaki wakiongezewa maili, twaweza kweli kuita jambo hili nafuu?

Tena kuna mwenye wimbo. Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, tungo zake ni mali ya warithi mpaka mwisho wa 2068. Mjukuu wake, naye mwanamuziki, amezitoa tena sahani za babu kwenye intaneti, na anayenunua humlipa mwenye haki. Katika baa ni watu wangapi hulipa?

Hatusemi mpigaji afukuzwe. Awe dereva, lakini tumwongezee mtu wa besi, mtu wa ngoma na mwimbaji wa pili, wanne wote walipwe kila mtu mkononi mwake usiku ule ule. Ada ya leseni ya muziki iandikwe katika hesabu ya dansi pamoja na kodi ya ukumbi. Kiingilio kitapanda, nasi wa Embu na Meru tuko tayari kulipa zaidi mlangoni. Mhazini anayo karatasi ya hesabu. Tunaomba isomwe kabla ya mikono kuinuliwa.