Vyumba vya Kupangisha: Usharika Uanzie Wapi?

Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za mipango na ujenzi



Maombi mengi tunayopokea yanafanana: usharika una kiwanja kando ya barabara, unataka nyumba za kupangisha ili shule ya awali isitegemee wafadhili peke yao. Nia hiyo tunaiunga mkono. Ila tuanze na kalamu kabla ya kumwita fundi.

Tuseme mmejenga vyumba 6 kwa shilingi 30,000,000, kila kimoja pango lake 40,000 kwa mwezi. Wengi huandika 2,880,000 kwa mwaka na kupiga makofi. Sisi tunaondoa mwezi mmoja kwa kila chumba, maana mpangaji huhama na dalali hajaleta mwingine. Zinabaki 2,640,000. Tunaondoa sehemu ya kumi kwa ukarabati: bati, vitasa, na hasa shimo la choo, ambalo halisubiri sadaka ya mavuno. Zinabaki 2,376,000. Fedha ya ujenzi itarudi baada ya miaka 12 na ushei, na kodi za serikali bado hatujazigusa. Mpangaji wa biashara, kwa mfano, hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, hata kama mwenye jengo ni kanisa.

Sasa jengeni vyumba hivyo kwa mkopo. Riba ya asilimia 15 juu ya milioni 30 ni 4,500,000 kwa mwaka wa kwanza. Vyumba vyote 6 havifikii hapo. Pengo litazibwa na sadaka za washarika, zile zile zilizokuwa za watoto, na dhamana iliyoko benki huenda ni kiwanja chenyewe. Ndiyo maana tunashauri awamu: vyumba viwili vikamilike, vipate wapangaji, ndipo msingi wa viwili vingine uchimbwe. Ni mwendo wa polepole, na vijana wa kamati hawaufurahii.

Kuhusu kiwanja: vingi vilitolewa na wazee kwa maneno tu, na watoaji wameshalala. Watoto wao hunyamaza kanisa likilima mahindi pale. Wakiona matofali, ukoo mzima unakutana. Hati itangulie, kwa jina la Wadhamini waliosajiliwa, si la mwenyekiti wala la mchungaji, ambaye kesho atahamishwa. Hati huwa ya miaka 33, 66 au 99. Tazameni imebaki mingapi. Someni pia sharti la matumizi. Kiwanja cha ibada hakijengwi fremu za maduka kabla ya matumizi kubadilishwa, na kibali cha ujenzi ni cha halmashauri.

Mwisho, mpangaji mgumu kuliko wote ni msharika mwenzetu. Mzee wa Kanisa akidaiwa miezi 8, nani atamgongea mlango? Mkataba uwe wa maandishi kwa kila mtu, pango lilipwe benki kwenye akaunti yake peke yake, na mfuatiliaji asiwe mjumbe wa kamati. Mjane aliyekwama asitupwe nje. Mfuko wa Diakonia umlipie waziwazi, kwa stakabadhi, ili deni lake lisizidi kulala kwenye daftari mwaka hata mwaka.

Kamati zilizo tayari zilete nakala ya hati na hesabu ya miaka 3 ya kwanza. Tutazipitia pamoja, kisha tutakuja kukiona kiwanja.