Saruji mbili: jiko na bafu katika nyumba kongwe za milima ya Oman

Msikilizaji, jioni ya Alhamisi barabara itokayo Muscat kwenda Nizwa hujaa magari. Mapumziko ya wiki yameanza, na wakaazi wengi wa mji mkuu hurejea katika vijiji vya asili yao milimani. Baadhi ya magari hayo hubeba mizigo isiyofanana na ya watu wanaokwenda kupumzika: maboksi ya vigae, karo la kuoshea vyombo, mabomba ya plastiki na mifuko ya saruji. Hiyo ni mizigo ya wajukuu wanaotaka kuifufua nyumba ya babu. Uhai wa nyumba hiyo utategemea zaidi vyumba viwili ambavyo babu mwenyewe hakuvijua kwa sura yake ya leo, yaani jiko na bafu.

Mfano ulio wazi ni Misfat al-Abriyyin, kijiji kilicho juu ya mji wa Al-Hamra, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Muscat, katika kimo cha takriban mita 1,000. Nyumba zake za mawe na udongo zimejengwa juu ya majabali, na dari zake hubebwa na magogo ya mitende. Chini yake yameteremka mashamba ya matuta yanayonyweshwa na falaji, ule mfereji wa kale wa maji ya mlimani. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa liliihesabu Misfat miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Nyumba kadhaa zimekwishageuzwa kuwa za kupokea wageni, na mgeni, hata awe mpenzi wa mambo ya kale kiasi gani, asubuhi hutaka maji ya moto.

Wenyeji nao walitaka hayo hayo. Oman ya kabla ya mwaka 1970 ilikuwa na kilomita chache mno za lami. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka huo, zilikuja barabara, umeme na mabomba, na familia nyingi za milimani zikahamia nyumba mpya za matofali ya saruji. Kuwalaumu si haki. Katika nyumba ya kale, maji ya kunywa yaliingia kwa mtungi uliofinyangwa Bahla. Kuoga kulifanyika kwenye falaji, kwa utaratibu usiovunjwa: juu kabisa huchotwa maji ya kunywa, chini yake huoga wanaume na wanawake, kila kundi mahali pake, kisha maji huenda mashambani. Jikoni palipikwa kwa kuni, na moshi uliowaumiza macho akina mama ndio uliowafukuza wadudu waharibifu wa magogo ya dari. Nyumba ilidumu kwa sababu ndani yake mlikuwa mkavu.

Sasa bomba la mvua linafungwa ghorofani. Fundi anabandika vigae, na kazi inapendeza macho. Lakini nyuma ya vigae kiungo kimoja cha bomba kikianza kuvuja, hakuna anayekiona. Udongo hunywa maji kimyakimya, gogo la mtende huoza kwenye ncha iliyoingia ukutani, na mchwa hufuata unyevu. Dalili ya kwanza huenda ikawa dari iliyoinama.

Hapa neno moja linastahili kutazamwa. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, saruji ni ule unga wa kijivu wa kiwandani. Kwa mzee wa milimani Oman, saruji ni kitu kingine kabisa: udongo wa mfinyanzi uliokaushwa mabonge, ukapangwa juu ya magogo ya mitende, ukachomwa kwa siku kadhaa, kisha ukapondwa na kukorogwa kwa maji. Kwa saruji hiyo zilipigwa lipu falaji, birika na ngome. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos waliichunguza kwa vipimo vya maabara miaka ya 1990, na wakaona kwamba ubora wake hutegemea aina ya udongo na ukali wa moto. Neno ni moja, limevuka bahari na kubadilisha maana. Familia zilizorudi Muscat kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970 zilirudi na maana ya pili. Mjukuu anaposema „tutie saruji", huenda yeye na mzee wake hawazungumzii kitu kimoja. Saruji ya kiwandani ni ngumu kuliko ukuta wa udongo unaoipokea. Huufungia unyevu ndani, na ukuta huanza kumomonyoka nyuma ya lipu ambayo kwa nje ingali nzima.

Wazanzibari wanaufahamu msiba huu. Katika Mji Mkongwe, mabafu yaliyoongezwa ghorofani yameozesha boriti za mikoko katika nyumba nyingi, na lipu ya saruji juu ya kuta za mawe na chokaa imezidisha unyevu.

Mafundi waangalifu hawakatai bafu. Huliweka chini, juu ya mwamba, mahali ambapo hapana gogo la kuozesha. Mabomba huyapitisha nje ya ukuta, yaonekane, hata kama mwenye nyumba analalamika kuwa hayapendezi. Jiko la gesi hutengewa dirisha la kutoa mvuke, na ukuta hupigwa lipu ya udongo au chokaa. Kazi hii ni ya polepole na ya gharama. Vichochoro vya Misfat havipitishi lori, hivyo kila mfuko hufika kwa mgongo wa punda au bega la kibarua.

Na kuna swali ambalo duka la vigae la Muscat haliulizi: maji machafu yatakwenda wapi? Mjini huja lori la kunyonya shimo. Kijijini, shimo likichimbwa vibaya kwenye mteremko, kinachopenya hushuka kuelekea falaji. Oman bado ina falaji zipatazo 3,000 zinazofanya kazi, na 5 kati yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kila moja ina wenye zamu zao za maji, zilizopimwa tangu zamani kwa kivuli cha jua na kwa nyota. Kwa hiyo kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa, aliye juu hana budi kushuka na kuzungumza na jirani mwenye zamu ya chini.